Protini Yenye Mkia Kwenye Mitokondria

Mwaka 1957, katika maabara ya Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku, wakavichanganya na virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Vipande vile vikatoa kitu kilichozuia virusi hai visizaane. Wakakiita intaferoni. Lililobaki kitendawili ni hili: seli inajuaje kwamba imevamiwa?

Jibu lilichukua karibu nusu karne. Mwaka 2004, Takashi Fujita na wenzake huko Japani walionyesha kwamba protini iitwayo RIG-I hunasa RNA ya virusi ndani ya seli. Lakini RIG-I peke yake haiwezi kuamsha jeni za intaferoni. Lazima iwepo protini nyingine ya kupokea habari na kuipeleka mbele. Mwaka uliofuata maabara nne, zikiwemo za Dallas, Osaka na Lausanne, ziliikuta karibu kwa wakati mmoja, na kila moja ikaipa jina lake. Lililoshika zaidi ni la Dallas: MAVS.

Katika maabara ya Zhijian Chen huko Dallas, Rashu Seth na wenzake waliona kwamba protini hii ina mkia mfupi unaoishikiza kwenye utando wa nje wa mitokondria. Wakaukata. Protini ikanyamaza kabisa. Wakaipandikizia mkia wa protini nyingine inayokaa kwenye mitokondria, ikaamka tena. Walipoielekeza kwenye utando wa sehemu nyingine za seli, nguvu yake ikafifia. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika elimu ya kinga. Tangu shuleni tumefundishwa kwamba mitokondria kazi yake ni kuzalisha nishati, na hapa inaonekana kuwa ndipo mahali ambapo vita dhidi ya virusi hutangazwa.

Virusi navyo vilikuwa vimekwisha kulijua hilo. Timu ya Jürg Tschopp huko Lausanne ilionyesha kwamba kimeng'enya cha virusi vya homa ya ini C huikata MAVS. Kundi la Chen likaonyesha mahali penyewe: asidi amino ya 508 kati ya 540. Kinachokatwa ni kile kipande cha mwisho tu chenye mkia. Sehemu iliyobaki inachomoka kwenye mitokondria, na intaferoni haitolewi. Mwaka 2007 ikabainika kuwa virusi vya homa ya ini A navyo huikata MAVS, ingawa vinatoka katika familia tofauti kabisa.

Mwaka 2011 maabara ya Chen ilieleza kwa nini habari ya RNA chache tu huitikisa seli nzima. MAVS moja ikiamshwa hubadili umbo na kuzigeuza zilizo jirani zifanane nayo, mpaka zinaungana kuwa nyuzi ndefu juu ya mitokondria. Ni njia yenye nguvu, na ina hatari yake: mafungu ya namna hiyo yamekutwa katika seli za damu za baadhi ya wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, na wagonjwa hao mara nyingi intaferoni yao huwa juu hata pasipo virusi vya kupigana navyo.