Imla ya maneno 50: mtihani wa lugha ambao haukupima lugha

Hebu fikiria umeshuka melini, Kiingereza unakijua vizuri tu, halafu afisa anakusomea kifungu kwa Kijerumani na kukutaka ukiandike neno kwa neno. Ukishindwa, huingii nchini. Mtihani wa namna hiyo ulikuwepo kweli, Australia, kwa zaidi ya miaka 50.

Ulianzishwa na sheria ya uhamiaji ya 1901. Afisa alisoma kifungu cha maneno 50 katika lugha ya Ulaya, na lugha aliichagua yeye, si msafiri. Lengo lilikuwa kuwazuia watu wasio weupe, hasa kutoka Asia. Lakini Uingereza haikutaka rangi ya mtu itajwe waziwazi kwenye sheria, kwa hiyo kazi hiyo ikapewa imla. Wazungu wengi hawakuulizwa hata neno moja.

Tuangalie namba. Mwaka 1902 na 1903 mtihani ulitolewa mara 805, wakafaulu watu 46. Kuanzia 1904 hadi 1909 ulitolewa mara 554, wakafaulu 6. Baada ya hapo hakufaulu mtu tena.

Katika upimaji wa lugha kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni uthabiti, yaani matokeo hayayumbi ovyo. La pili ni uhalali, yaani mtihani unapima kile unachodai kupima, na matokeo yanatosha kubeba uamuzi unaofanywa. Sasa ona: baada ya 1909 imla hii ilikuwa thabiti kupindukia, kila aliyepewa alifeli! Uhalali wake ulikuwa sifuri. Jibu lilishaamuliwa kabla kalamu haijashikwa.

Mwaka 1934 jambo hili lilifika mahakamani. Egon Kisch, mwandishi kutoka Prague na mpinzani wa Wanazi, alikatazwa kushuka. Meli ilipokuwa Melbourne akaruka hadi gatini, akavunjika mguu. Kwa kuwa alijua lugha kadhaa za Ulaya, kule Sydney akapewa imla kwa Kigaeli cha Uskoti, akahesabiwa amefeli. Mahakama Kuu ikaamua kwamba Kigaeli hicho hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, na Kisch akashinda.

Imla ilifutwa mwaka 1958, ila mitihani ya lugha bado inaamua nani apate nafasi ya chuo, kazi au uraia. Kwa hiyo ukikutana na mmoja, usiishie kuuliza ni mgumu kiasi gani. Uliza: unapima lugha ninayoihitaji huko niendako? Vigezo vinajulikana mapema? Nikionewa, nakata rufaa wapi? Kisch alikuwa na mawakili na magazeti yakimfuatilia. Wengi waliofelishwa kabla yake walirudishwa walikotoka bila kusikilizwa na mtu.