Hesabu Zilizopita Juu ya Ziwa

Weka rula kwenye ramani ya Afrika, kutoka Kano, Nigeria, hadi Zanzibar. Itakatiza Ziwa Victoria, jirani kabisa na Mwanza. Kano na Zanzibar zote mbili zilikuwa na vituo vya Wamarekani vya kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Cha Zanzibar kilikuwa Tunguu, Unguja. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoanza kuizunguka dunia, vituo hivyo vilimpokea kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi aliyehakiki hesabu za njia hiyo, na aliyeingia kazini katika kituo cha utafiti cha Langley, Virginia, mwaka 1953, si habari ya mbali kwa mkazi wa Mabatini, Mwanza.

Mchango wake mkubwa haukuwa kujumlisha haraka. Mwaka 1960 yeye na Ted Skopinski walitoa ripoti iliyoligeuza swali kichwa chini miguu juu: badala ya kuuliza roketi ikirushwa itafika wapi, waliteua kwanza mahali ambapo chombo kinapaswa kupita, kisha wakarudi nyuma kutafuta kielekezwe pembe gani injini inapozimika. Ugumu ni kwamba dunia haimngojei mtu. Chombo kikiwa angani, ardhi iliyo chini yake inazunguka kuelekea mashariki, tena si tufe kamili, imevimba kwenye ikweta. Bila kuyatia hayo kwenye hesabu, fundi wa Tunguu angeelekeza antena mahali pasipo na kitu. Mwanamke kutajwa kama mwandishi wa ripoti lilikuwa jambo geni katika idara yake. Naliona dogo kuliko yaliyomo ndani.

Wapo watakaosema kazi yenyewe ilifanywa na kompyuta za IBM. Ni kweli, lakini Glenn mwenyewe hakuziamini bure. Alitaka Johnson arudie namba zilezile kwa mashine ya mezani, na kazi hiyo ilimchukua takriban siku moja na nusu. Hofu ya Glenn ilikuwa na msingi: alitua baharini kilomita zipatazo 60 kabla ya pale palipokusudiwa, kwa sababu hesabu za kurudi hazikuzingatia kwamba chombo kilikuwa kimepungua uzito kwa vitu vilivyotumika njiani. Hoja kwamba Johnson hakuwa peke yake ina uzito zaidi. Langley ilikuwa na wanawake wengi wakokotoaji, na weusi walitengwa katika ofisi yao. Hilo halimpunguzii kitu; linaongeza idadi ya wanaodaiwa shukrani.

Pingamizi zito lilitoka Unguja kwenyewe, ambako wanasiasa walikiona kituo kama mlango wa vita vya wakubwa. Siwezi kuwalaumu, maana Vita Baridi ndivyo vilivyogharamia safari zile. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume ilitaka kituo kiondolewe, na mwaka huohuo kikafungwa. Johnson aliendelea Langley hadi 1986, akishiriki pia hesabu za safari za Apollo kwenda mwezini.