Je, Ubaguzi wa Rangi Una Nguvu Katika Vyama Vyetu vya Siasa? Tuulize Mitaa ya Eastlands

Kila uchaguzi unapokaribia swali hili huzuka barazani, na mara nyingi hukatwa kwa neno moja: Kenya hakuna ubaguzi wa rangi, kuna ukabila tu. Mimi ni mtu wa pwani niliyekaa mitaa ya mashariki mwa Nairobi kwa miaka mingi, na jibu hilo halinitoshi. Mitaa hii ilijengwa kwa sheria za rangi, na siasa za vyama zikakulia humo. Asiyeijua historia yake hawezi kutuambia ubaguzi ulikwisha lini, wala kama ulikwisha.

Katika makala haya nataka kuweka wazi hoja za pande zote mbili, kisha nitoe maoni yangu, ili msomaji naye apime mwenyewe.

Tuyaweke maneno sawa

Ubaguzi wa rangi ni kumpa mtu haki au kumnyima kwa sababu ya rangi yake, nywele zake, au asili anayodhaniwa kuwa nayo. Ukabila ni hayo hayo yakifanywa kwa misingi ya kabila. Sheria ya Kenya yenyewe haikuyatenga mbali. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inayahesabu pamoja rangi, uraia, kabila na asili ya mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini na mengineyo kwa pumzi moja.

Kwa hivyo tunapouliza kama ubaguzi wa rangi unaathiri vyama, hatuulizi habari za Mzungu na Mwafrika peke yake. Tunauliza pia habari za Msomali wa Eastleigh, Mnubi wa Kibra, Mhindi wa Ngara na Mwarabu wa Mombasa. Hawa wote wamewahi kuambiwa, kwa njia moja au nyingine, kwamba nchi hii si yao.

Mji uliokatwa vipande

Nairobi ya mkoloni ilipangwa kwa rangi. Wazungu walichukua sehemu za juu zenye hewa safi, magharibi na kaskazini ya mji. Wahindi wakawekwa Parklands, Ngara na Eastleigh. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, karibu na reli na viwanda. Mwaka 1913 Profesa William Simpson alishauri mji utenganishwe kwa rangi, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Ubaguzi hupenda kuvaa kanzu ya daktari.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe mahali pa Waafrika. Vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Kijiji cha Pangani, kilichojaa Waislamu na nyumba za Kiswahili, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Wenye kujua Kiswahili hawahitaji kuelezwa jina hilo lina uchungu gani. Baadaye zikaja Starehe, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, na vyumba vingi vilikuwa vidogo, kwa sababu Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi anayepita njia. Na alipotembea ilibidi achukue kipande, kilichoanza kuvaliwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na kufutwa mwaka 1947. Kariokor yenyewe ina jina la wapagazi wa vita hivyo, waliokufa kwa maelfu.

Vyama vilizaliwa vipi

Bunge la koloni nalo lilikuwa na viti vya rangi. Wazungu walikuwa na vyao, Wahindi vyao, Waarabu vyao. Mwafrika alisemewa na mmisionari hadi 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulikuwa Machi 1957, na hata hapo mpiga kura alipewa kura moja, mbili au tatu kulingana na elimu na mali yake. Mpango huo ulimlazimisha kila mwanasiasa kuzungumza na watu wa rangi yake tu, maana hao tu ndio waliomchagua.

Wapo waliokataa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, KAU na chama cha Wahindi walifanya mkutano wa pamoja, na Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Mkoloni aliogopa sana rangi mbili kukaa kwenye benchi moja.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya Oktoba 1952. KAU ikapigwa marufuku 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, likawazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu kutoka mitaa hii na kuwapeleka kambini. Mwaka 1955 serikali iliruhusu tena vyama vya Waafrika, ila kwa sharti moja: kila chama kibaki ndani ya wilaya yake. Ndipo Nairobi ikawa na chama cha Argwings-Kodhek, kisha People's Convention Party cha Tom Mboya, na Mombasa ikawa na chake.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wilaya zilikuwa zimechorwa kwa makabila, na Mzungu hakuwekewa sharti kama hilo. Chama kilichofungiwa wilayani kikawa chama cha kabila kwa nguvu ya sheria. Vyama vya taifa viliporuhusiwa mwaka 1960, KANU na KADU vilikuja kuwa miungano ya vyama vile vya wilaya na wazee wao. Kwa hivyo anayesema “si rangi, ni ukabila tu” amemtaja mtoto akamsahau mzazi.

Hoja za wanaosema ubaguzi umekwisha

Hoja zao si dhaifu. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kuanzishwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inadai chama kiwe na wanachama wasiopungua elfu moja katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Hakuna ilani ya chama leo inayotaja rangi ya mtu.

Wanatuonyesha pia wapiga kura. Philip Leakey, Mzungu, alichaguliwa mbunge wa Langata mwaka 1979. Shakeel Shabbir amechaguliwa Kisumu. Na hapa Eastlands, Yusuf Hassan, Msomali, amekuwa mbunge wa Kamukunji tangu uchaguzi mdogo wa 2011, na eneobunge hilo lina Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh, mchanganyiko wa watu wa kila namna. Mpiga kura wa Gikomba anajua kumtazama mtu kwa kazi yake.

Hoja za wanaosema bado upo

Upande wa pili unajibu kwamba tusisome ilani, tusome matendo.

Mwaka 1967, chini ya KANU, zilitungwa sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasiokuwa raia. Kwenye karatasi zilihusu uraia. Sokoni zilimhusu Mhindi, na maelfu wakafunga maduka. Walipokimbilia Uingereza na pasipoti za Kiingereza mikononi, chama cha Labour, chama cha wafanyakazi, kilipitisha kwa siku chache sheria ya Machi 1968 ya kuwafungia mlango, huku wazao wa Waingereza wakiachiwa njia. Vyama viwili, mabara mawili, na Mhindi wa Nairobi katikati.

Mwaka 1989 serikali ya KANU iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kubeba cheti cha kuthibitisha kwamba Ukenya wake ni wa kweli.

Sisi wa pwani tunayo yetu. Mwaka 1992 Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili kwa kuwa ni chama cha dini. Hilo linaweza kujadiliwa kisheria. Lakini kilichofuata kilikuwa siasa ya rangi: UMA ya Omar Masumbuko ikasimama upande wa chama tawala, IPK ikaitwa chama cha Waarabu, na Waislamu wa Mombasa wakagawanywa kwa weusi na weupe wa ngozi mpaka vijana wakapigana mitaani. Sheikh Khalid Balala alipokuwa Ujerumani, serikali ilimkatalia pasipoti ikidai ni raia wa Yemen, na hakurudi nyumbani hadi 1997. Ndugu zetu wa Unguja walikuwa wameyaona mapema: Hizbu na Afro-Shirazi walianza kwa kubishana nani mwenyeji na nani mgeni, na Januari 1964 tunajua damu iliyomwagika.

Aprili 2014, chini ya Jubilee, Operesheni Usalama Watch ilishuka Eastleigh. Maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mashambulizi yalikuwa ya kweli na waliouawa walikuwa watu, hilo halina shaka. Lakini anayesaka mhalifu huanza na kosa. Pale walianza na pua na nywele. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Na Juni 2019 mbunge wa Starehe wa wakati huo, Charles Njagua, alitishia kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa Tanzania, Uganda, Pakistan na China waliokuwa masokoni Nairobi. Alikamatwa na serikali ikajitenga na kauli yake. Lakini makofi aliyopigiwa yalitufundisha kwamba maneno hayo bado yana soko.

Mlango wa kitambulisho

Maoni yangu ni haya. Ubaguzi umeondoka katika ilani za vyama ukahamia mahali pasipoonekana, na mahali pakubwa ni kitambulisho.

Mwanangu alipotimiza miaka 18 tulikwenda kumwombea kitambulisho katika afisi moja hapa mjini. Rafiki yake wa darasa moja, jina lake la Kikristo, alijaza fomu akaambiwa arudi kuchukua. Mwanangu akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, kisha cheti cha nyanya yake, kisha aje siku ya wazee. Karani hakuwa mtu mbaya, na hata kiti alinipa. Alifuata utaratibu tu. Lakini utaratibu ule ulikuwa umeshaamua nani wa kuulizwa.

Na hapa ndipo siasa inapoingia. Asiye na kitambulisho hawezi kujiandikisha kupiga kura, na hawezi kuwa mwanachama wa chama. Asiyepiga kura haombwi kura. Asiyeombwa kura, mtaa wake haufiki kwenye bajeti. Hakuna mtu aliyeandika popote kwamba huyu abaguliwe, na mwisho wa siku amebaguliwa.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa kaskazini mashariki kwamba uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa jamii za mipakani umefutwa. Nimelipokea kwa shukrani. Wamakonde walitambuliwa 2016, Wahindi wakatajwa kuwa kabila la 44 mwaka 2017, Wapemba wakafuata 2023. Lakini tuangalie vizuri: mambo haya hutolewa kama zawadi, na mara nyingi kura zinapokuwa karibu. Haki ikishatolewa kama zawadi, aliyeitoa hujiona anaweza kuichukua.

Tuwapime vipi

Agosti 2027 haiko mbali. Waniaji watakuja Kamukunji, Makadara na Embakasi, na huko kwetu Mvita na Likoni. Nashauri tuwaulize mambo matatu. Kwanza, chama chako kilipokuwa na kura bungeni kilifanya nini kuhusu vitambulisho? Pili, ukikosana na mpinzani unamjibu kwa hoja, au unamuuliza babu yake alitoka wapi? Tatu, watu wakikamatwa kwa sura zao katika mtaa usiokupigia kura, utasema neno?

Nasi tujiulize pia, maana ubaguzi hauna upande mmoja. Mara ngapi barazani kwetu tumesema “hawa wa bara” kama kwamba wote ni mtu mmoja? Mara ngapi posa imekataliwa kwa sababu kijana ni mweusi mno, ingawa anaswali safu ya mbele? Chama cha siasa huokota kinachouzwa, na kitu chenyewe kinatoka majumbani mwetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii Eastlands wanaujua, wamekaa nyuma yake kwa miaka mia.