Gitare, sinema na vikatuni: desturi ya kuzungumuza katika muji wa Likasi

Tukitaja desturi, watu wengi wanafikiri mara moja ngoma, ndoa na matanga. Lakini katika muji wetu kuko desturi ingine yenye ilikomaa pamoja na kazi ya mashaba: kukaa pamoja na kubishana juu ya wimbo, filamu ao kikatuni. Tangu Kikula mpaka Panda, wazee wanaijua. Inaonekana kama muchezo tu, kumbe iko njia ya kulinda historia.

Tuanze na gitare. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alizaliwa Bunkeya katika mwaka wa 1930. Katika 1952, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville (jina hilo lilibadilishwa katika 1966), Hugh Tracey, Mwingereza mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kunasa sauti, alimukuta hapa na akanasa nyimbo zake, kati yao «Masanga». Sahani zikafika mbali. Mwenda mwenyewe alienda kupiga Nairobi, na katika 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, kule Marekani. Mutu akimusikia mara ya kwanza, anafikiri iko gitare mbili. Kumbe ni mutu mumoja, kidole gumba na kile cha pili. Hapo ubishi unaanza: gumba linasema nini, na kidole kingine kinajibu namna gani? Mwenye kubishana hivyo, anajifunza.

Sinema nayo ilikuwa vilevile. Wakati wa ukoloni, serikali ilichagua filamu zenye Waafrika waliruhusiwa kuona. Katika misioni, mara nyingi mutu mumoja alisimama kando ya picha na kueleza katika luga ya watu. Basi filamu ilitegemea pia kinywa cha yule mwelezaji. Katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza kule Kasai filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mumoja munene, mwingine mudogo. Misioni ilitaka kufundisha. Watu walichukua kicheko na majina. Katika miaka ya 1970 majina yale yalirudia katika vikatuni vya Mongo Sisse, katika gazeti «Zaïre». Jina halitoke kwenye kitambaa cha sinema na kuingia katika karatasi kama watu hawakulitembeza kwanza mu kinywa.

Lakini leo kuko hatari. Mwenda alikufa katika 1990, kwa aksida ya gari kule Zambia. Sauti zenye Tracey alinasa zinalindwa Makhanda, Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki yenye yeye alianzisha katika 1954. Ni vizuri. Lakini maneno yenye watu wa Jadotville walisema kisha wimbo kwisha, hakuna mashini ilinasa. Fumbo hili lilipigwa juu ya nani? Walicheza wapi, siku ya mushahara? Majibu yako katika vichwa vya wazee, na kila matanga yanayapunguza.

Ndugu musomaji, usingoje mugeni aje na mashini. Siku ya mungu, wekea muzee wimbo mumoja wa zamani, kisha umupinge kidogo. Atakasirika, ataeleza. Wewe andika.