Mtego Unaomwacha Samaki Hai

Siku hizi ukitaja kumrudisha samaki majini, watu hufikiria boti za watalii: mtu anavutana na nduaro au sulisuli, anamtia alama, kisha anamwachia. Shirika la African Billfish Foundation la Watamu limekusanya taarifa za samaki hao kwa miongo kadhaa, na kazi hiyo ina faida yake. Hata hivyo, historia ya uvuvi wa kisiwa cha Mombasa ikisomwa kwa kufuata zana, inaonekana kwamba uwezo wa kumwachia samaki akiwa mzima haukuletwa na mgeni. Ulikuwapo hapa, ukapungua kadiri zana za zamani zilivyoachwa.

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wakila hasa ndizi na samaki. Kwa joto la mji huu, na barafu ikiwa haijajulikana, namna rahisi ya kuzuia samaki asioze ilikuwa kutomuua mapema, na hapo ndipo dema na uzio vinapoeleweka. Dema husukwa kwa vipande vya mianzi, mdomo wake ukisinyaa kuelekea ndani. Hutiwa chambo, hukandamizwa kwa mawe, huachwa upande wa ndani wa mwamba penye kina cha mita chache. Tafi, changu na pono huingia wakabaki wakiogelea humo mpaka mvuvi arudi. Kwa kuwa kina ni kifupi, kibofu cha hewa hakivimbi. Samaki aliyevutwa kwa mshipi kutoka kilindini hufika juu macho yamemtoka, na akitupwa tena baharini huelea tu. Uzio nao hutegemea maji: wakati wa bamvua bahari ya Mombasa hupwa zaidi ya mita 3, samaki wakabaki nyuma ya fito, na mvuvi akaingia kwa miguu kuchagua. (Tafi hushikwa kwa adabu, miiba yake ina sumu.)

Atatokea wa kuuliza: je, wazee waliwaachia kweli? Mara nyingi hapana. Kidagaa kilikuwa kitoweo, na bunju aliachwa kwa kuogopwa. Dini yao ya Kiislamu haikuwalazimisha pia, maana samaki wa baharini ni halali hata akiwa amekufa. Sidai kwamba walikuwa na huruma kutuzidi. Ninachodai ni kwamba mwenye dema alikuwa na nafasi ya kuchagua, na mwenye juya, wavu wa kukokotwa, hana. Juya hukokota kila kitu mpaka ufuoni. Samaki wanabanana, magamba yanachubuka, na wadogo wanakufa kabla wavu haujafunguliwa. Mvuvi mwema kuliko wote hapo hana wa kumrudisha. Nyavu za nailoni zikaufanya uvuvi huo mwepesi, barafu ikaondoa haja ya kumweka samaki hai, na Serikali ilipopiga marufuku juya mwaka 2001 lilikuwa limeshazoeleka. Amri ile imevunjwa mara nyingi.

Watafiti waliojaribu dema zenye upenyo mwembamba pembeni katika pwani ya Kenya wamerudi, kwa maoni yangu, kwenye mantiki ya zamani. Samaki mdogo hutoka mwenyewe chini kwa chini, bila kuguswa wala kuonja jua. Pingamizi zito ni la mfuko: mvuvi maskini atawezaje kuacha kilo mbili zijiendee? Majaribio yalionyesha kwamba wanaobaki ni wakubwa zaidi, bei yao kwa kilo ni nzuri, na kipato hakikushuka. Hilo linamjibu mvuvi aliye peke yake. Halimjibu aliyetega dema yake mbele ya ufuo ambako jirani anakokota juya, kwa sababu tafi mchanga aliyepenya kwenye dema asubuhi anaweza kuuzwa na huyo jirani jioni.