Kisiki

Siku ya Simba na Yanga, kibanda umiza cha Sikonge hujaa mapema. Beki akimpokonya mshambuliaji mpira, utasikia mmoja akisema: "Kisiki huyo!" Wa pili anakataa: "Kisiki gani, mbona mwembamba hivyo?"

Mimi niko na wa kwanza. Sikonge ni nchi ya miombo na tumbaku, na aliyefyeka shamba jipya huko anajua kwamba kisiki kinachomtoa mtu jasho si lazima kiwe kinene. Jembe linakwamia kwenye mizizi, na mvua zikinyesha kinachipua tena. Ndiyo maana timu iliyoshindwa kupenya huambiwa imegonga kisiki.

Beki naye ni hivyo hivyo. Fabio Cannavaro alikuwa na kimo cha sentimita 175 hivi, mfupi kwa beki wa kati, lakini mwaka 2006 alikuwa nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia. Alikuwa akiwahi kujipanga kabla mpira haujafika, na hapo ndipo pa kumpimia beki, kabla ya kifua na mapaja. Hapa kwetu jina lake alipewa Nadir Haroub, aliyekuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars, likamkaa hata wengine hawakujua anaitwa Nadir.