Mandari, Ziara na Mutalaa: Kuisoma Pwani ya Mikindani

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtoa mtu nyumbani kwake aende kutazama mahali. Lipo mandari, walilolitumia wazee wetu wa visiwani kwa siku ya kubeba masufuria na mikeka, kwenda shamba au ufukweni, kupika, kula na kurejea jua likitua. Ipo ziara, yenye adabu ndani yake, kwani mtu huzuru kaburi au humzuru mkubwa wake. Kisha upo utalii, ambao siku hizi tumewaachia wageni wenye kamera. Lakini neno hili lina udugu na mutalaa, yaani kusoma kwa mazingatio, na yote mawili yamechipuka katika shina moja la Kiarabu. Mtalii wa haki, basi, ni msomaji. Katika makala haya nataka tuisome pwani ya kusini, tangu Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma, tutazame kilichoandikwa humo na kilichoachwa bila kuandikwa.

Mikindani ni mji mkongwe, mwendo mfupi kaskazini ya Mtwara mjini, umekaa kandoni mwa ghuba iliyojikunja kama kiganja. Nyumba zake za mawe na chokaa, milango ya nakshi na baraza zake, zitamkumbusha msomaji wa Unguja au Lamu mitaa yake mwenyewe. Udugu huo haukuja kwa bahati. Katika karne ya 19 bandari hii ilipokea misafara ya kutoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, ikipakia majahazini pembe za ndovu, sandarusi, na watu. Wengi wa watu hao walivushwa kwenda visiwani, na jasho lao ndilo lililopanda na kuchuma karafuu za Unguja na Pemba. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha baharini. Mikindani lipo jengo ambalo wageni huonyeshwa kwa jina la soko la watumwa. Sisi wa visiwani hatuwezi kulitazama kwa macho ya mgeni, kwa sababu njia iliyoanzia pale iliishia kwetu.

Karibu na hapo ipo nyumba yenye kibao kinachomtaja David Livingstone. Alifika pwani hii Machi 1866, akitokea Unguja. Kwanza alijaribu kushuka kwenye mdomo wa Ruvuma, lakini mikoko na tope vikamzuia asiweze kupitisha wanyama wake, akageukia Mikindani. Alikuja na ngamia sita, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, apate kujua ni mnyama gani atakayehimili mbung'o. Alikuwa na askari wa Kihindi, watu wa Nzuwani, vijana waliosomeshwa Nasik huko Bara Hindi, na wengine wachache, miongoni mwao Chuma, Myao, na Susi, mtu wa Shupanga katika bonde la Zambezi. Mwanzoni mwa Aprili msafara ukaondoka kuelekea bara, na katika njia ya Ruvuma Livingstone akaona maiti za mateka waliofungwa mitini na kuachwa wafe. Hakurudi tena kwao.

Alikaa Mikindani wiki mbili tu, naye amepata kibao. Desturi ya vibao vya namna hii katika nyumba za mji wa London ilianzishwa mwaka uleule wa 1866, na cha kwanza kilibandikwa mwaka 1867 katika nyumba aliyozaliwa mshairi Byron. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1889. Sisi wapenzi wa mashairi tuna la kujifunza hapo: kibao peke yake hakilindi ukuta, wala hakilindi kumbukumbu. Hukitaja kimoja na kukinyamazia kingine.

Chuma na Susi hawakuwa watu wa kunyamaziwa. Livingstone alipofariki Chitambo mwaka 1873, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Baadaye walipelekwa Uingereza, wakamsaidia mhariri wa shajara zake kufahamu majina ya mahali na mambo ya safari. Mimi ambaye kazi yangu ni tafsiri naiita kazi yao kwa jina lake: walikuwa wafasiri. Kitabu kile kisingesomeka kama kinavyosomeka pasipo wao.

Juu ya mji limesimama Boma. Mwaka 1888 watu wa pwani, hata wa Mikindani, waliwafukuza Wajerumani, na haikuwa mpaka mwaka 1890 ndipo bandari za kusini zilipotekwa tena kwa nguvu. Boma lilijengwa mwaka 1895, juu ya kilima, ili ghuba nzima iwe machoni pa mtawala. Baada ya kuachwa likachakaa, shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, lililikarabati katika miaka ya 1990, likawa hoteli. Kuta zimeokoka, na vijana wa mji wamefunzwa kazi. Hilo ni jema. Hata hivyo jengo la mtawala limepata mponyaji, na nyumba za raia chini ya kilima zinaendelea kumomonyoka kila masika.

Mji wa Mtwara wenyewe ni mtoto wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli. Mpango ukavunjika mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa karanga zikiwa zimekwisha kuwa hadithi, na reli ikafungwa mwaka 1963. Bandari ingali inafanya kazi, ikisafirisha korosho. Reli imebaki katika masimulizi ya wazee.

Ukishuka kusini utafika Msimbati, kwenye mchanga mweupe unaostahili mandari ya namna yoyote, kisha Ruvuma. Mpaka nao una ukurasa wake. Mwaka 1894 Wajerumani waliinyakua Kionga, ng'ambo ya kusini ya mdomo wa mto. Wareno wakaitwaa tena mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawaachia. Wamakonde wa kingo zote mbili hawakuulizwa. Katika vita vya ukombozi wa Msumbiji walivuka wakimbizi na wapiganaji, na Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, wamelala wanajeshi wa Tanzania waliofia Msumbiji katika miaka ya 1980. Huko haendi mtu mandari. Huko ni ziara.

Tangu mwaka 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari, yenye kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko na vijiji. Wavuvi wamezuiwa baruti, jambo la haki, wakawekewa na mipaka ya nyavu, jambo linalowagusa chunguni. Chini ya ghuba hiyohiyo iligunduliwa gesi mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipoamuliwa, Mtwara ikalipuka kwa ghasia mwaka 2013. Swali la wenyeji lilikuwa kongwe kuliko gesi: vyote hupita kwetu, kwetu kinabaki nini?

Kinachoweza kubaki ni usomaji. Kibao cha Kiswahili chenye majina ya Chuma na Susi hakina gharama ya bandari. Walimu wa Mtwara na wa visiwani wanaweza kuwapeleka watoto Mikindani siku moja: wale chakula chao ufukweni, wanyamaze kidogo penye soko, kisha wakae barazani pa mzee wamsikilize. Hapo mandari, ziara na mutalaa vitakuwa safari moja. Wazee hao ni wachache, na masika hayangoji.